Viatu Vyenye Matundu ya Uongo

Wakesho,

Krismasi mbili umeniacha nichinje kuku mwenyewe na nimle mwenyewe. Halafu unakuja Ijumaa, unalala usiku mmoja, Jumamosi tunagombana mbele ya Mhindi dukani, na Jumapili naambiwa uko Voi kwa shangazi yako, hupandi tena mlimani, Jumatano asubuhi gari la kilimo linakuchukua kwenda Kishushe. Hivyo ndivyo mtu anavyoaga kwao? Mgeni aliyepotea njia hukaa kuliko wewe. Hata yule mbuzi uliyemlea kwa chupa alikunusa, akarudi nyuma, akanitazama mimi kama ananiuliza huyu ni nani.

Haya, hilo limetoka. Anayeshika kalamu ni Mshai, mke wa mjomba wako, kwa sababu mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Kesho alfajiri anashuka na gari la mboga, na kabla hajafika sokoni atapita kwa shangazi yako akupe karatasi hii na mzigo. Mzigo usifungue kwanza. Soma.

Sitakuambia uchemshe maji, wala ulale kwenye chandarua, wala usimfungulie mtu mlango gizani. Hayo umeyasomea, na kabla hujayasomea nilikufundisha kwa kijiti. Nataka nikuambie juu ya mshtuko wangu, maana mpaka jioni hii haujanitoka mwilini. Nikishika kikombe, kinatetemeka. Mshai anasema ni uzee. Nimemwambia aandike, asinipime.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa kazi yako. Nilijua umesomea kilimo. Nilidhani utakaa kwenye ofisi pale Wundanyi, uandike bei ya maharagwe, unywe chai ya saa nne. Ijumaa ile ukakaa hapa jikoni ukaniambia, "Nyanya, mimi ndiye bwana shamba mpya wa Kishushe." Nikacheka. Nikangoja na wewe ucheke. Hukucheka. Bwana shamba, mwanamke! Tena Kishushe, ambako magari yenyewe yakienda yanarudi yakichechemea, na ukiuliza nyumba ya jirani mtu anakuonyesha kwa kidevu upande wa mbali, huoni kitu ila miiba!

"Utafika vipi kwa hao watu?"

"Kwa miguu, Nyanya." Kama mtu anayesema anakwenda kuchota maji.

Ndiyo maana Jumamosi nilishuka nawe Voi. Nilitaka nikununulie viatu vya kazi mpya, vya kufanya watu wa Kishushe waseme huyu msichana ana kwao. Niliviona nikiwa bado mlangoni kwa Lalji: vyeusi, vinang'aa kama jicho la kunguru, mdomo mwembamba, kisigino kidogo cha kugonga ko, ko, ko. Nikasema vile pale. Wewe ukanipita. Ukamwonyesha Lalji boksi la juu kabisa, lililojaa vumbi, akapanda ngazi akilalamika magoti.

"Hivi vya zamani, Mama," akaniambia. "Niliagiza kwa ajili ya memsahibu mmoja wa kule kwenye mkonge. Yeye amerudi kwao Uingereza, viatu vimenikalia."

Akafungua. Wakesho, nilishtuka kama mtu aliyefunua sufuria akakuta chura. Rangi ya udongo. Pua nene. Soli kama ubao wa mlango. Na kiatu kipya kabisa, kimetobolewatobolewa!

"Lalji, hivi vimeliwa na mende."

"Hapana Mama, hayo ni mapambo ya kizungu."

"Nyanya, vinaitwa brogi," ukasema wewe.

Brogi. Jina kama la ugonjwa wa kuku. Ukanieleza eti wazungu wa mashambani kwao hupita kwenye matope, na zamani matundu hayo yalikuwa ya kutoa maji ndani ya kiatu. Maji! Hapa Voi, ambapo mwaka mzima tunatazama mawingu yakipita kwenda kunyeshea wengine! Nikamwambia Lalji mtoto huyu ameniharibikia.

Na sikusema hivyo bure. Viatu vile nilivijua tangu nikiwa msichana. Nilifagia nyumba ya meneja mmoja wa mkonge, na mke wake alikuwa na jozi kama hiyo hiyo. Asubuhi akinywa chai anavaa kandambili, akitaka kwenda kutazama mkonge anafunga yale matofali yake miguuni, anaondoka hatua ndefu kama askari. Sisi wasichana wa pale tuliviita chujio. "Leo memsahibu amevaa chujio, atachuja nani?" Tukicheka mpaka tunashikana. Jioni anarudi, anavua, anakaa kwenye kibaraza, na mimi namletea maji. Miguu yake ilikuwa myeupe, mizima, laini kama ya mtoto. Nikasema ni kwa sababu ni mzungu. Sikusema ni kwa sababu ya viatu. Kwa miaka yote hii sikusema.

Basi wewe pale dukani hukuwa unanisikiliza. Ulikishika kiatu kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe mnadani. Ukakikunja. Ukabonyeza kisigino kwa kidole gumba. Ukapitisha ukucha ukingoni kufuata uzi, ukavuta ulimi wa ndani, ukaingiza pua ukanusa. Nikatazama nje. Mjukuu wangu, niliyempa jina langu mwenyewe, ananusa viatu na watu wanaona.

Kisha ukakaa kwenye stuli ya Lalji, ukavua vile viatu vyako vya plastiki.

Miguu hiyo nimeiosha mimi. Mama yako alipoolewa tena kule Bomeni akakuacha hapa, ulikuwa bado unatambaa. Nimeipaka mafuta ya mbarika, nimeitoa funza, nimeipasha moto kwa kiganja asubuhi za ukungu. Naijua kama ninavyojua vyungu vyangu. Na Jumamosi ile sikuijua. Kucha la kidole gumba halipo. Kidole cha mwisho kimelala juu ya mwenzake kama kimebebwa mgongoni. Visigino vimepasuka, na juu yake kovu jeusi linalong'aa, pale ngozi ilipochubuka, ikapona, ikachubuka tena juu ya kupona.

"Nani amekufanya hivi?" nilipiga kelele mpaka Lalji akaangusha kipimo.

"Hakuna mtu, Nyanya. Ni viatu vya chuo."

"Viatu gani vya chuo?"

Ukainama ukafunga kamba za brogi. Ukazifunga taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili. Halafu ukasema, sauti ya chini, huna hasira wala nini, "Vile ulivyonichagulia."

Hapo ndipo niliposema yale niliyosema. Vua hivyo viatu vya polisi. Unaniaibisha. Kama unataka kuwa mwanaume, nenda ukawe mwanaume huko huko, na miguu hiyo usiniletee nyumbani kwangu. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu yakitoka kwenye mdomo wangu mwenyewe, na sikuweza kuyarudisha. Nikatoka. Nyuma yangu nikakusikia unamwambia Lalji, "Virudishe juu."

Wewe ulidhani nimekasirikia viatu. Mwanangu, sikuwa naona viatu.

Nilipanda mlima siku ile nikizungumza peke yangu. Nikaingia ndani nikashusha kile kikapu kinachoning'inia darini, chenye viatu vyangu vya harusi. Unavijua. Ulikuwa ukiviomba ukiwa mdogo, nakukataza. Vyeupe, mdomo mwembamba kama wa ndege, kisigino kidogo. Kila mgeni nimemwonyesha: tazameni, kiatu imara ndicho hiki, tangu harusi yangu mpaka leo hakijachubuka hata kidogo. Na nilipokuchagulia viatu vya chuo nilitafuta vinavyofanana navyo, tena vya kubana, ili usitembee kama bata.

Safari hii nikakaa navyo mapajani nikajiuliza: Wakesho mkubwa, viatu hivi vimewahi kutembea wapi?

Sasa wewe umekulia hapa, unajua tulivyo. Mtu akienda kanisani anabeba viatu mkononi, au kichwani juu ya Biblia. Anashuka mlima pekupeku, anapanda mwingine pekupeku, akifika kwenye kijito kilicho chini ya kanisa ananawa miguu, anaipangusa kwa majani, ndipo anavaa. Anatembea kutoka kijitoni mpaka kwenye benchi. Anakaa. Ibada ikiisha anarudi kijitoni, anavua. Mama yangu alifanya hivyo, mimi nikafanya, nusu ya kanisa bado inafanya. Viatu vyetu vinatembea kidogo kuliko kuku aliyefungwa. Halafu tunajisifu havichakai!

Siku ya harusi yangu nilivaa pale pale kijitoni, na mguu ukakataa. Mashangazi wakausukuma mpaka ukaingia. Nikasimama mbele ya mchungaji machozi yakinitiririka, watu wakaguna, tazama bibi harusi anavyompenda. Babu yako akaninong'oneza, "Unalia kwa furaha?" Nikamwambia, "Nalia kwa kidole." Akacheka kanisani, mchungaji akaacha kusoma. Tukitoka akanibeba mgongoni kuteremka mpaka kijitoni, na watu wakaona ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, sikatai. Lakini yalianzia kwenye kidole.

Sisi hatukuwahi kuchagua viatu vya kutembelea, Wakesho. Tulichagua viatu vya kukalia. Na mimi nikamchagulia viatu vya kukalia mtoto anayepimishwa mashamba kutwa nzima, naye kwa heshima akavivaa mpaka kucha likang'oka, na hakuniambia, kwa sababu kila aliporudi likizo za kwanza nilikuwa nauliza, "Viatu vyangu vinakupenda?" na wewe unajibu, "Sana, Nyanya." Hilo ndilo linalonitetemesha kikombe. Ulinidanganya kwa adabu. Mtoto akifika kukudanganya kwa adabu, jua umekuwa ukiuliza maswali yako vibaya.

Usiniletee adabu ya namna hiyo tena. Kitu kikikubana, sema kinabana, hata kama nimekichagua mimi, hata kama nimekifunga utepe.

Basi. Ijumaa uliyokuja kulikuwa na manyunyu. Ulivua viatu mlangoni gizani ukakanyaga pale penye tope, karibu na jiwe la kunolea. Nilipotoka Jumapili tope lilikuwa limekauka, na alama ya mguu wako ilikuwa pale, nzima, mpaka kile kidole kilichobebwa. Nilitaka kulia, badala yake nikachukua ukamba wa mgomba nikaupima: urefu, na upana pale mbele penye vidole. Mshai akanikuta nimeinama akasema, "Mama, umepoteza sindano?" Nikamwambia nimepoteza akili, natafuta.

Jana nikashuka Voi. Nilikwenda mchana, jua limeshapanda, nimetembea vya kutosha, kwa sababu hilo moja nalijua bila mtu kunifundisha: mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Asubuhi umelala, mdogo, unaingia popote. Jioni umefura na unasema kweli. Anayenunua kiatu asubuhi ananunulia mguu ambao mchana hautakuwepo. Kwa hiyo juu ya ukamba wangu nikaongeza nafasi ya soksi nene na upana wa kidole changu gumba.

"Teremsha lile boksi la juu," nikamwambia Lalji.

"Mama, Jumamosi ulisema vimeliwa na mende."

"Teremsha. Nataka kumwona huyo mende."

Nikafanya kama ulivyofanya wewe, kitu kimoja baada ya kingine, maana macho yangu Jumamosi yalikuwa yanatazama hata mdomo ulipokuwa unatukana. Nikakikunja: kikakunjika pale penye vidole, si katikati ya wayo. Vile vyeusi vya ko ko ko nilivikunja pia, vikavunjika katikati kama muwa. Nikabonyeza kisigino, hakikuingia ndani. Nikafuata ukingo kwa ukucha, nikakuta soli imeshonwa kwa uzi unaoonekana, mzunguko mzima. Ile ya vyeusi ilikuwa imebandikwa gundi tu, na gundi kwenye jua la Kishushe unajua itakavyokuwa. Nikavuta ulimi, nikaona umeshikwa pande zote mbili, mchanga hauna pa kuingilia. Nikanusa. Kinanuka ngozi, hakinuki dawa. Lalji ameshika kiuno ananitazama.

Nikaona nimalizie na yale matundu. Nikachomoa kipini kichwani nikajaribu kukipitisha.

"Mama! Mama, usitoboe! Bado hujanunua!"

"Si yametobolewa tayari?"

Kipini hakikupita. Nikajaribu tundu lingine, halikupita. Wakesho, matundu yale ni ya uongo! Ngozi ya juu tu ndiyo yenye vitobo, chini yake kuna ngozi nyingine nzima. Tangu usichana wangu nimemcheka memsahibu wa watu kwa chujio lisilochuja kitu, na mlimani nikanyenyekea viatu vyeupe visivyotembea. Nikacheka peke yangu mpaka Lalji naye akacheka, hajui kwa nini.

Nimevilipia. Usiulize nilivilipia vipi, si kazi yako, na hakuna aliyelala njaa.

Mshai anasema mkono unauma. Avumilie, yamebaki machache.

Siku mbili za kwanza vivae ndani ya nyumba tu, na soksi, jioni. Vitakuwa vigumu, havijakuzoea. Vipake mafuta ya ng'ombe, kidogo. Vikilowa usiviweke karibu na moto, vitakauka kama kitoweo na kupasuka. Vijaze majani makavu uviache kivulini. Na asubuhi vikung'ute, nge wa huko hawana heshima kwa serikali. Na mwanaume naye, siku ikifika, usimtazame anavyong'aa. Mkunje kwanza uone anakunjika wapi.

Sasa lililobaki ndilo lililonifanya nisilale vizuri tangu Jumamosi. Unajua kwetu. Mtu akisafiri huku mzee wake ana hasira moyoni, hasira ile humfuata njiani, hata kama mzee mwenyewe haitaki. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa na kutasa: unajaza maji mdomoni, unataja kinachokuchoma, unatema, moyo unapoa, anayeondoka anaondoka mwepesi. Mchungaji hapendi, na mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwenye kwaya. Nimemwambia Mshai asiandike hapa. Naona anaandika.

Leo jua likishuka nilisimama mlangoni, mbele ya ule mguu wako wa tope kavu. Nikajaza maji mdomoni. Nilikuwa nimejiandaa kutema hasira niliyonayo kwako: Krismasi mbili, bwana shamba, brogi, kunipita dukani. Nikatafuta hasira hiyo nisiipate. Maji yamejaa mdomoni, mashavu yamefura, Mshai ananitazama. Hasira yote niliyoikuta ndani ilikuwa yangu juu yangu mwenyewe, na ya viatu vyeupe. Basi nikaitema hiyo. Nikasema, kama kuna neno langu linalomfuata mtoto huyu, lirudi nyumbani, lilale hapa kwangu, lisipande gari. Nikatema tena. Yale maneno ya dukani hayapo kwako, Wakesho. Yamebaki hapa mlangoni, na kuku wameshayakanyaga.

Na wewe, kama unayo yako juu yangu, na ninajua unayo, chukua maji pale kwa shangazi yako kabla gari halijaja. Usione aibu ya kusoma kwako. Sema vile vilivyobana, vyote, kwa majina. Uteme mbali na viatu.

Sasa fungua mzigo.

Nenda Kishushe. Wakikuita bwana shamba, uitike. Tembea mpaka kila nyumba ijue mlio wa soli zako.

Na ukija, na usithubutu kungoja Krismasi ya tatu, usivue viatu pale kijitoni. Nasema mapema kwa sababu mguu wako utasimama wenyewe kwa mazoea. Upite navyo. Panda navyo mlima mzima, pita navyo mbele ya kanisa na wanawake wote wakitazama, uniingilie navyo jikoni na vumbi la Kishushe juu yake, nisikie mlio kabla sijakuona. Nitakuwa nimeweka maji ya moto kwenye karai na mafuta ya mbarika pembeni. Ukae kwenye kigoda, uvivue mwenyewe, uninyooshee miguu hapa mapajani. Nataka nikute viatu vimezeeka na kucha limeota.

Nyanya yako,
Wakesho mkubwa